Mtawa na Bakuli Lake

Neno "mtawa" ni miongoni mwa maneno ambayo walimu wengi wa Kiswahili huyapita upesi darasani. Likitokea katika zoezi la ufahamu, mwalimu husema, "Mtawa ni mtu wa dini aliyeacha mambo ya dunia," kisha somo huendelea. Maana hiyo si ya uongo, lakini imeficha mengi. Na mtawa akiwa ni wa dini ya Budha, imeficha karibu yote. Katika makala haya tunakusudia kulichunguza neno hilo kwa njia ya historia, tukianzia Kyebando, mahali ambapo pengine msomaji hatarajii kukuta habari za watawa.

Kyebando ni mtaa wa kaskazini ya Kampala, katika Tarafa ya Kawempe, upande wa barabara iendayo Gayaza. Ni mtaa wa watu wengi na kelele nyingi: gereji, wakaangaji wa chapati, pikipiki za bodaboda, na barabara kubwa ya mzunguko wa kaskazini iliyofunguliwa mwaka 2009. Hakuna monasteri hapo. Walakini mkazi wake hana mwendo mrefu kufika kilima cha Kikaya, ambako limesimama hekalu la Wabahai lenye pande 9, lililofunguliwa Januari 1961. Dini hiyo ni miongoni mwa dini chache ambazo mwanzilishi wake, Bahaullah, aliwaandikia watawa waziwazi, akiwasifu kwa ucha Mungu wao lakini akiwataka watoke katika upweke, waoe, na wafanye kazi ya kuwafaa watu. Mkazi huyo huyo akipanda gari kwenda kusini, akavuka jiji na kushika njia ya Entebbe, atafika Garuga, karibu na Ziwa Viktoria, na huko atakuta kituo cha Wabudha kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa aliye Mganda. Kwenye kilima watawa wanaitwa watoke nje. Ufuoni watu wanaitwa wawe watawa. Na baina ya mahali hapo pawili hapana hata safari ya nusu siku. Mwalimu wa Kyebando akiulizwa na wanafunzi wake mtawa ni nani, ana sababu ya kujibu kwa uangalifu kuliko wenzake wa mahali pengine.

Tuanze na neno lenyewe. Kitenzi "kutawa", katika Kiswahili cha pwani, ni kukaa ndani, kutotoka na kuonekana na watu ovyo. Mwanamwali wa kiungwana alitawishwa, yaani aliwekwa ndani na kuhifadhiwa, na mwanamke aliyetawa alisifiwa kwa haya na adabu. Kutoka hapo neno likapanuka: mcha Mungu aliyejitenga na wenzake ili afanye ibada naye akaitwa mtawa. Kanisa Katoliki lilipohitaji neno la kuwaitia mabruda na masista waliokula nadhiri, hili lilikuwa tayari mlangoni, likachukuliwa. Basi asili ya neno ni nyumba na mlango uliofungwa.

Lipo neno la pili, "ruhubani", lililotoka katika Kiarabu, na shina lake ni la woga: ruhubani ni mtu mwenye kumwogopa Mungu. Neno hili limo katika kamusi zetu lakini halimo katika vinywa vya watu, na sababu yake si ngumu kuiona. Uislamu haukuweka utawa wa namna hiyo. Masheikh wa tarika za pwani, wa Kadiria na wa Shadhilia, walikaa faragha na kufanya dhikiri usiku kucha, lakini walioa, walilima, walifanya biashara, na walizikwa na watoto wao. Neno lisilo na mtu wa kulivaa hubaki kabatini.

Waganda nao wamelitazama jambo hili kwa jicho jingine. Sista wa Kikatoliki kwa Luganda ni "omubiikira", na mwalimu wa Kiswahili atalitambua neno hilo mara moja, kwa kuwa ni "bikira" yetu, nayo asili yake ni Kiarabu. Shirika la masista wazalendo lililoanzishwa huko Buddu, katika jimbo la Masaka, mnamo 1910 linaitwa Bannabiikira. Kwa hiyo Mswahili alimwita mtawa kwa kukaa kwake ndani. Mganda kwa ubikira wake. Na Mgiriki wa kale, ambaye kwake lugha nyingi za Ulaya zimeazima, alimwita "monakhos", yaani mtu wa peke yake. Majina matatu, na yote matatu yanasema jambo ambalo mtawa amejinyima: hatoki, haoi, hana mwenzake.

Sasa tutazame Wabudha. Katika Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, mtawa ni "bhikkhu", na maana ya asili ya neno hilo ni mwombaji. Halimtaji kwa alichokiacha. Linamtaja kwa anachokipokea, na kwa hiyo linawataja pia, bila kuwasema, wale wanaompa. Hapo ndipo tofauti kubwa ilipo, na hapo ndipo tungependa wasomaji wetu watue kidogo.

Siddhartha Gautama, aliyezaliwa Lumbini katika nchi ambayo leo ni Nepal, inasimuliwa kwamba aliondoka nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 29, akamwacha mke na mtoto mchanga. Kwa miaka 6 aliutesa mwili wake kwa njaa hata akakaribia kufa. Mwishowe aliiacha njia hiyo, akala chakula alichopewa, kisha akaketi chini ya mti mahali paitwapo Bodh Gaya na kupata ule mwamko unaompa jina la Budha. Tuone mambo yalivyofuatana: kwanza alipokea chakula mkononi mwa mtu mwingine, ndipo akaamka. Wenzake 5 waliokuwa wakifunga pamoja naye walimkasirikia kwa kula kwake, wakamwacha. Hao hao ndio waliokuja kuwa watawa wake wa kwanza, baada ya kuyasikia mafundisho yake huko Sarnath, karibu na Benares.

Jumuiya hiyo ilipokua, sheria zilizaliwa moja moja, kila moja ikiwa na kisa chake. Katika madhehebu ya Theravada, yaliyoenea Sri Lanka, Burma na Thailand, mtawa wa kiume ana sheria 227. Nne za kwanza ni nzito kupita zote, na azivunjaye amekwisha toka katika utawa: kuzini, kuiba, kuua mtu, na kujidai kwa uongo kwamba amefikia daraja za juu za kiroho. Hiyo ya nne inatupendeza kwa namna ya pekee, maana ni dini chache zilizomhesabu mtakatifu wa uongo pamoja na mwuaji. Lakini kwa hoja yetu zilizo muhimu zaidi ni zile sheria ndogo za tumbo. Mtawa hali chakula baada ya saa sita mchana. Hapiki. Haweki chakula cha leo ili akile kesho. Hachumi tunda mtini wala hachimbi ardhi, kwa hiyo hawezi kulima. Hapokei fedha. Asubuhi hushika bakuli lake na kupita mbele ya nyumba za watu, akisimama kimya bila kuomba kwa maneno. Akipewa hupokea, asipopewa husogea mbele.

Mtu akizisoma sheria hizo moja moja atadhani zimetungwa kumtesa mtawa. Akizisoma pamoja ataona kazi yake. Zimemfunga mtawa kwa jirani zake kwa kamba ya kila siku. Mtu huyu ambaye tunasema ameacha dunia hawezi kuiacha hata kwa siku mbili. Akikimbilia msituni peke yake, atakufa kwa njaa au atavunja sheria. Na jirani naye, kwa kuwa ndiye anayempa, anaona kila asubuhi kama mtawa wake ni mtu mnyofu au mlaghai, na bakuli likirudi tupu ni hukumu. Kwa kupokea, mtawa analipa kwa mafundisho na kwa mwenendo wake. Ni ubia, ingawa upande mmoja hauna mali.

Hapana budi kukumbuka kwamba utawa wa Kikristo ulichukua njia nyingine, na ulizaliwa katika bara letu. Antoni wa Misri, aliyefariki mwaka 356, alikwenda jangwani peke yake. Pakomi, aliyekuwa askari kabla ya kuongoka, aliwakusanya watawa wakae pamoja huko Tabennisi, karibu na mto Nile, wafume mikeka na vikapu, waviuze, wale kwa jasho lao. Habari za Misri zilifika Ethiopia, ambako monasteri ya Debre Damo ingali juu ya mwamba unaopandwa kwa kamba. Zilifika Italia pia, na Benedikto, katika karne ya 6, akaandika kanuni inayomtaka mtawa asali na afanye kazi kwa mikono yake. Bakuli halimo. Mtawa wa Benedikto ana jembe, ana ghala na ana ukuta.

Wasomaji wa Tanzania wanawajua watawa hao vizuri. Wabenediktini walifika Dar es Salaam mnamo 1888, wakajenga Pugu, ambako walivamiwa na baadhi yao kuuawa Januari 1889. Mwaka 1898 wakaanzisha Peramiho, karibu na Songea, na baadaye Ndanda. Mashamba yao, karakana zao, hospitali na mitambo ya kupigia chapa vitabu vya Kiswahili ni mambo yanayojulikana. Lakini Agosti 1905, katika Vita vya Maji Maji, Askofu Cassian Spiss aliuawa njiani pamoja na mabruda wawili na masista wawili waliokuwa wakisafiri naye, na mwezi uliofuata Peramiho ikachomwa moto. Hatusemi kwamba watawa hao ndio walioleta kodi na viboko vya serikali ya Kijerumani. Tunasema kwamba ukuta na ghala havikuweza kuwatenga na yale ambayo wananchi waliyaona katika kila Mjerumani. Watawa Waafrika walipopata makao yao wenyewe huko Hanga, mnamo 1957, jambo moja lililobadilika lilikuwa hili: mtu aliyekuwa ndani ya ukuta na mtu aliyekuwa nje yake walikuwa ndugu.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na wakati wetu. Watrapisti, tawi la watawa linalojulikana kwa kunyamaza, walikuwa na monasteri Kipkelion, Kenya, tangu 1956. Walilima, walifuga, walisali usiku. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwatikisa jirani zao na wao pia, na mwaka 2008 watawa wakahama, wakaja kuanza upya Kutaamba, Uganda. Miaka 50 ya kazi ya mikono iliachwa nyuma kwa sababu amani ya majirani imevunjika. Kwa hiyo hata mtawa wa ukuta anaishi kwa radhi ya walio nje; tofauti ni kwamba mtawa wa bakuli hukumbushwa jambo hilo kila asubuhi, na mwenzake huweza kulisahau kwa muda wa nusu karne.

Turudi Uganda. Mganda tuliyemtaja alizaliwa mwaka 1966, akaitwa Steven Kaboggoza, akalelewa katika Ukatoliki. Mnamo 1990 alikwenda India kusoma mambo ya biashara, na huko akafanya urafiki na watawa vijana kutoka Thailand. Haukuwa uongofu wa siku moja. Miaka ilipita, alizunguka nchi nyingi, na mwaka 2002, huko California, akapewa daraja la utawa na mzee wa Kiburma, U Silananda, akaitwa Buddharakkhita. Alikaa miaka kadhaa Virginia Magharibi chini ya mwalimu kutoka Sri Lanka, Henepola Gunaratana, kisha akaleta joho na bakuli nyumbani.

Na nyumbani bakuli halikujulikana. Yeye mwenyewe amesimulia kwamba watu walilidhani ngoma. Wengine watacheka, sisi tunaona kwamba kisa hiki kinaeleza shida yote. Katika kijiji cha Thailand mama akiona bakuli asubuhi anajua la kufanya, kwa kuwa bibi yake alifanya hivyo hivyo. Katika barabara ya Kampala mtu mzima mwenye afya, anayesimama kimya na chombo mkononi, ataitwa mvivu. Kukosa mtawa ni shida ndogo, maana mtawa anaweza kuja kwa ndege. Kukosa mpaji ndiyo shida kubwa. Huko Asia bakuli liliota katikati ya watu waliojua kutoa. Hapa mtawa ametangulia kuja, na watu wa kumpa hapana budi wazaliwe baadaye. Na mpaji wa kwanza hutokea mahali pale pale anapotokea kwa kila mtoto: mama yake Buddharakkhita aliyapokea mafundisho ya mwanawe, na mwishowe naye akavaa joho, akaitwa Dhammakami. Kisa hiki kinakumbusha sheria moja ya kale. Budha alipompa mwanawe Rahula utawa, babu wa mtoto alihuzunika sana, akaomba kwamba tangu siku hiyo mtoto wa mtu asichukuliwe bila idhini ya wazazi wake. Na ikawa sheria hata leo.

Joho nalo lina habari yake. Mganda wa zamani alivaa lubugo, nguo iliyotengenezwa kwa kugonga gome la mtuba, yenye rangi ya udongo mwekundu, akaifunga juu ya bega. Lubugo pia ndiyo sanda. Mtu aliyekulia katika mila hiyo akimwona mtawa wa Kibudha kwa mbali atadhani ameona kitu cha kwao, na hatakuwa amekosea sana: watawa wa kwanza walishona majoho yao kwa vipande vya nguo vilivyotupwa, vikiwamo vilivyookotwa makaburini, wakavitia rangi ya magome na mizizi. Ajabu ni kwamba nguo ya gome lenyewe imekatazwa kwa jina katika sheria zao, kwa sababu huko India ilikuwa sare ya wanajitenga wa madhehebu mengine. Kwa hiyo kitu ambacho kingemfanya mtawa aonekane Mganda halisi ndicho asichoruhusiwa kuvaa.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Mtawa mmoja hawezi kumfanya mwingine kuwa mtawa kamili. Anaweza kumpokea mwanafunzi na kumvika joho la uanagenzi, basi. Daraja kamili, ambalo hutolewa kwa mtu aliyetimiza miaka 20, linahitaji baraza la watawa 10. Maandiko yanaeleza kwamba huko Avanti, pembezoni mwa nchi za Wabudha wa wakati ule, mwanafunzi aitwaye Sona alingoja miaka 3 mpaka wakapatikana 10. Budha alipoambiwa, akaruhusu nchi za pembezoni zitumie watawa 5. Afrika Mashariki ni pembezoni kwa kila kipimo, na hata hao 5 si wepesi kukusanyika. Sri Lanka yenyewe, yenye Ubudha wa zaidi ya miaka elfu mbili, iliwahi kufikia hali ya kukosa watawa wa kutosha, hata mfalme wa Kandy akatuma ujumbe Siam, na mwaka 1753 mzee Upali akaja na wenzake kuwasha upya taa iliyozimika. Dini yenye vitabu inaweza kusafiri sandukuni. Utawa hausafiri hivyo. Huhitaji watu wa kutosha kuketi pamoja.

Dar es Salaam ilipitia njia ya kinyume. Wasinhala waliokuja kufanya kazi huko walipanda Upanga, yapata mwaka 1920, mche wa mti wa bodhi ulioletwa kutoka kisiwani kwao, wakajenga mahali pa ibada, na kwa miaka mingi waliyatunza yote bila mtawa wa kukaa nao. Wapaji walikuwapo, bakuli halikuwapo. Jumuiya ile ilikuwa ndogo, ikapungua zaidi baada ya uhuru, lakini haikufa, na watawa walipokuja walikuta mti mkubwa na watu wanaojua saa ya chakula cha mchana. Tukilinganisha, tunathubutu kusema kwamba Ubudha bila mtawa ulidumu Dar es Salaam kwa wepesi kuliko ambavyo mtawa bila Wabudha angedumu Kampala.

Je, basi, tuliache neno "mtawa" kwa watu hawa, tutunge jingine? Wapo watakaopendekeza tuseme "mwombaji", kwa kufuata Kipali. Hatukubaliani nao, kwa kuwa mwombaji kwetu ni maskini, na maskini hakuchagua. "Fakiri" ni karibu zaidi, nalo lina heshima yake katika lugha ya masufii, lakini limekwisha chukuliwa na uganga na miujiza ya sokoni. Sisi tungelibakiza "mtawa", kwa sharti kwamba mwalimu asilieleze kwa mlango peke yake.

Tena lipo jambo ambalo linalitetea neno letu bila kutarajiwa. Kila mwaka, kwa miezi 3, mtawa wa Kibudha hukatazwa kusafiri. Ni desturi ya wakati wa mvua huko India, ilipoonekana kwamba miguu ya watawa wazururao inakanyaga mimea michanga na wadudu. Huanza karibu na mwezi mpevu wa Julai na kwisha Oktoba. Mtawa huchagua mahali pake, hujifunga kutolala nje isipokuwa kwa dharura, na husoma na kutafakari, mfano wa mtu aliyekaa itikafu, ila kwa muda mrefu zaidi. Hapo anatawa kwa maana ile ile ya wazee wa Lamu na Mombasa. Uganda kalenda hiyo haifuatani na mbingu: Julai ni kiangazi, vumbi la Kyebando hupanda hadi madirishani, na mvua nzito zimekwisha pita tangu Mei. Mtawa wa Garuga hutawa hata hivyo, kwa kufuata mvua ya nchi nyingine. Oktoba inapokwisha, watu humletea kitambaa kipya cha joho, naye hufungua mlango, hushika bakuli, na kwa miezi 9 inayofuata neno letu humbana kidogo begani.